WACHEKESHAJI NA UJIRA WAO
(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama na makarani, Gairo)



Kamati ilipotutaka tuseme neno juu ya michezo ya sinema, wako walionong'ona ya kuwa jambo hilo ni la vijana, wala halistahili kushika nafasi ya hotuba ambayo aghalabu hushikwa na habari za likizo, nauli na kiinua mgongo. Twawaomba wenzetu hao wastahimili kidogo. Jioni hii twataka kusema habari ya kazi na malipo ya kazi, na sinema imetupa njia tu ya kuifikia.

Picha iliyotupa njia hiyo ni ya Italia. Ilitoka mwaka 1950, na jina lake ni Luci del varietà. Luci ni taa. Varietà ni ule mchezo ambao kwa kiingilio kimoja mtu huona nyimbo, dansi, viinimacho na mizaha, kimoja kikifuata kingine mpaka usiku wa manane. Aliyekuwa mtu mzima hapa nchini katika miaka ya 1980 na 1990 hana haja ya kufasiriwa neno hilo, maana ndivyo walivyofanya Muungano na wenzao: ngoma, sarakasi, igizo, taarabu, kichekesho, na dansi, vyote katika ukumbi mmoja. Picha hii iliongozwa na watu wawili kwa pamoja, Alberto Lattuada, aliyekuwa amekwisha kujulikana, na Federico Fellini, ambaye hiyo ilikuwa kazi yake ya kwanza ya kuongoza.

Kisa chake ni hiki. Kundi la wachezaji dhaifu latembea mji kwa mji kwa gari la moshi, daraja la tatu. Mkubwa wao katika mizaha ni Checco Dal Monte, mtu wa makamo, mwenye majivuno makubwa kuliko mfuko wake. Sehemu hiyo aliicheza Peppino De Filippo, ambaye mwenyewe alizaliwa katika jamaa ya wachezaji wa Napoli, naye amejua kumfanya Checco achekeshe na kuudhi kwa wakati mmoja. Checco anaye mpenzi wake humo kundini, Melina, aliyechezwa na Giulietta Masina. Ndipo aingiapo Liliana, msichana mzuri wa mji mdogo, aliyeazimia kwamba naye hana budi kuwa mchezaji. Awafuata mpaka ndani ya behewa. Hawamtaki. Walakini waliposhuka stesheni wakajikuta hawana fedha za kukodi gari la farasi, wakaanza kwenda kwa miguu na mizigo yao. Na huyo Liliana akawafikia amekaa juu ya gari alilolikodi kwa fedha zake mwenyewe, akawachukua. Basi akawa mwenzao. Kundi lililomkataa kwa sababu ya ujuzi wake lilimpokea kwa sababu ya nauli yake, na sisi tuliocheka pale hatukucheka kwa raha, kwa kuwa twajua kazi nyingine nyingi ambazo mtu huingia kwa mlango huo huo.

Jukwaani sketi yake ilimwanguka katikati ya dansi. Watazamaji wakapiga kelele za furaha, na tangu hapo kila mtu akataka kumwona Liliana. Wenzake waliosumbukia miaka mingi mizaha yao na nyimbo zao wakajua ya kuwa riziki ya wote sasa yategemea sketi.

Baadaye wakili mmoja mwenye mali aliwaalika wote nyumbani kwake nje ya mji, kula chakula cha usiku. Walikwenda kwa miguu, njia ndefu, usiku, na mavazi yao mazuri. Hapa ndipo penye sehemu tuliyoipenda kuliko zote. Hapana hata mmoja asemaye kwamba ana njaa. Twaonyeshwa tu jinsi wanavyokula. Mwenyeji naye hakuwaita kwa kuwapenda, alimtaka yule msichana. Checco akaingiwa na wivu akamzuia, na kabla ya mapambazuko kundi zima likafukuzwa nyumbani, likarudi kwa njia ile ile liliyoijia. Karani aliyepata kualikwa na mkubwa, akajua kesho yake kwamba aliitiwa jambo jingine, atapafahamu vizuri mahali hapo.

Mwisho wake tutaupitia upesi. Checco aliacha kundi, akamwacha na Melina, akaenda Roma kutaka kuunda kundi lake mwenyewe ambamo Liliana atakuwa nyota. Usiku katika njia za mji akakutana na wachezaji wasio na kazi, na mmoja wao ni Johnny, mtu mweusi wa Marekani apigaye tarumbeta. Aliyecheza sehemu hiyo ni John Kitzmiller, mzaliwa wa Michigan, aliyefika Italia pamoja na jeshi la Marekani katika Vita Kuu ya Pili akabaki huko. Na mwaka 1957 alipewa huko Cannes tuzo ya mchezaji bora wa kiume kwa picha ya Yugoslavia, naye alikuwa mtu mweusi wa kwanza kuipata. Twamtaja ili wenzetu wasidhani ya kuwa habari hizi ni za Wazungu watupu. Checco hana fedha za kuanzia. Akaenda kumwomba yule yule Melina aliyemtupa, naye Melina akampa. Kisha Liliana akaondoka na tajiri mwenye kundi kubwa lenye taa na manyoya. Twawaona tena stesheni: Liliana amevaa koti la manyoya, anakwenda Milano, Checco na Melina wamo katika behewa la watu maskini pamoja na kundi la zamani. Na kabla gari halijakwenda mbali, Checco amekwisha kumwona msichana mwingine mzuri mbele yake, anaanza kumzungumzia habari za jukwaa.

Nasi twataka mjue pia jinsi picha hiyo ilivyotengenezwa, maana hilo lilitushangaza kama kisa chenyewe. Lattuada na Fellini hawakungoja tajiri. Walifanya ushirika, wakatia fedha zao na jina lao. Carla Del Poggio aliyemcheza Liliana alikuwa mke wa Lattuada, na Giulietta Masina alikuwa mke wa Fellini. Na muziki ulitungwa na baba yake Lattuada, Felice. Ilikuwa karibu kazi ya nyumbani. Mwaka huo huo wa 1950 ikatoka mbele yao picha nyingine ya Italia juu ya kundi la wachezaji wa safari, Vita da cani, aliyoicheza Aldo Fabrizi, nayo ikawatangulia sokoni. Ushirika ukala hasara, na wale mabwana wawili wakabaki na madeni ya kulipa kwa muda mrefu. Basi picha ya kuchekesha juu ya wachezaji wasiolipwa iliwafanya waliyoitengeneza wasilipwe. Fellini baadaye alipata sifa dunia nzima, na picha yake La strada ya mwaka 1954, ambayo nayo ni habari ya wachezaji wa njiani, ilipewa tuzo ya Oscar. Walakini madeni ya ile ya kwanza hayakufutwa na sifa hizo.

Sasa na turudi nyumbani.

Sisi tukaao Gairo tumo katika barabara kuu itokayo Morogoro kwenda Dodoma. Reli ipitayo Kilosa na Kidete haikutujia, lakini lori lolote lichukualo ngoma, magitaa na masanduku ya mavazi kutoka Dar es Salaam kwenda Dodoma kwa njia hii, halina budi kutupitia, na upepo wetu huu wa baridi huwafanya waliomo waombe chai. Kwa hiyo tumewaona wachezaji wa safari pale ambapo watu wa mijini hawawaoni, yaani wakiwa hawachezi: wamechoka, wamejifunika kanga na makoti, wakihesabiana fedha za chakula.

Na kabla ya malori, kuchekesha ilikuwa kazi inayojulikana katika nchi hii. Ni nani hapa, Mkaguru, Mluguru au mgeni, asiyejua kazi ya mtani? Mtani huingia msibani watu wanapolia, akaiga matembezi ya marehemu, akashuka kaburini akakataa kutoka, akazuia maziko mpaka apewe chake. Wazee humpa. Hatukupata kusikia mzee akimwambia mtani, "Wewe umecheza tu, hustahili kitu." Kila mtu ajua kwamba amewafanyia waliofiwa kazi ambayo wao wenyewe wasingeiweza, na kwamba kazi ile ina ujira wake, nao hutolewa hapo hapo, mbele za watu. Angalieni basi: mkataba wa mtani hauna karatasi, lakini una mashahidi wa kijiji kizima.

Sinema ilipofika mijini ilileta mchekeshaji wa namna nyingine. Charlie Chaplin alipendwa mno katika pwani yetu hata jina lake likawa neno la Kiswahili. Chale ni mtu yeyote afanyaye mzaha mbele ya watu. Vijana wakavaa suruali pana na kofia, wakashika fimbo, wakaingia kumbini kuchekesha. Ndiyo asili mojawapo ya vichekesho tuvijuavyo, vya mito tumboni na usoni kupakwa rangi.

Lakini ni wangapi kati ya waliomwiga Chaplin walioulizia mshahara wake? Naye alikuwa mchezaji wa safari kama Checco. Alikulia katika umaskini mkubwa wa London, akaingia katika kundi la Fred Karno, na kundi hilo ndilo lililompeleka Marekani mwaka 1910. Akaingia sinema. Mwaka 1916 alitia sahihi mkataba na kampuni ya Mutual wa dola 10,000 kwa juma, na dola 150,000 juu yake kwa kutia sahihi tu. Hata hizo hazikumtosha, na wala hatusemi hivyo kwa kumlaumu. Mwaka 1919 yeye na wenzake watatu, Mary Pickford, Douglas Fairbanks na D. W. Griffith, wakaanzisha kampuni yao wenyewe, United Artists, ili picha zao ziuzwe na wao, si na bwana mwingine. Alikuwa amekwisha kufahamu jambo ambalo Checco hakulifahamu maishani mwake, ya kwamba anayelipwa kwa usiku mmoja hula usiku mmoja, na mwenye picha hula kila inapoonyeshwa. Sisi tuliichukua kofia na fimbo. Mkataba tukauacha huko huko Marekani.

Hapa hatuna budi kumtaja mtu mmoja aliyekuwa wa jamii yetu ya makarani. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 kampuni ya sinema ya Afrika Kusini ilitengeneza Tanganyika, kwa mkono wa Serikali, michezo ya picha kwa Kiswahili, wachezaji wakiwa watu wa hapa. Mmoja wa michezo hiyo ni Muhogo Mchungu, na mchezaji aliyejulikana kwayo ni Rashidi Mfaume Kawawa. Alikuwa amesoma Tabora, naye alikuwa mtumishi wa Serikali. Wengi wamkumbuka kwa uwaziri mkuu alioupokea Januari 1962, na kwa miaka mingi aliyoitumikia nchi mpaka alipofariki tarehe 31 Desemba 2009. Sisi twataka mkumbuke kilichokuwa katikati ya sinema na uwaziri. Kawawa alikuwa Rais wa TAGSA, chama cha watumishi Waafrika wa Serikali, na vyama vya wafanyakazi vilipoungana Oktoba 1955 kuwa TFL, yeye ndiye aliyefanywa Katibu Mkuu.

Tafadhalini mlipime jambo hili. Mtu mmoja, uso mmoja. Watu walimjua kwa kuwa aliwachekesha katika picha, na wafanyakazi walimjua kwa kuwa alisimama kudai haki za mishahara yao. Hapana aliyeona ya kuwa mambo hayo mawili yapigana. Tena chama cha makarani hakikuanza naye. Martin Kayamba na wenzake walikwisha anzisha chama cha watumishi Waafrika huko Tanga mwaka 1922, Waislamu na Wakristo pamoja, wala hakikuuliza mtu ni wa kabila gani. Kawawa alipokwenda mbele ya mashine ya kupiga picha alikuwa na dawati la kurudia, mwisho wa mwezi wa kungojea, na chama cha kumsemea. Mchekeshaji asiye karani alikwenda mbele ya mashine ile ile hana hata kimoja katika hivyo vitatu.

Ulikuwako wakati ambapo wachezaji wengi wa Tanzania nao walikuwa na mwisho wa mwezi. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, majeshi na mashirika ya umma yalikuwa na vikundi vyao vya sanaa: JKT, Polisi, Shirika la Bima, DDC na mengine. Katika vikundi hivyo mchezaji aghalabu alikuwa mwajiriwa kama mwajiriwa mwingine, ameandikwa katika daftari, ana likizo, na akiugua ana pa kwenda. Tunajua ya kuwa wengine huwacheka wachezaji wa namna hiyo na kusema walikuwa wakiimba sifa za wakubwa. Huenda. Lakini mtu mwenye mshahara akiimba sifa, na mtu asiye na mshahara akiimba sifa, wa pili ndiye aliye katika hatari zaidi, kwa sababu akinyamaza hali.

Mashirika yalipodhoofika, na mengi kuuzwa katika miaka ya 1990, sehemu kubwa ya daftari hilo ikafungwa. Wakabaki wakubwa wa vikundi vya watu binafsi na vya chama cha siasa. Muungano cha Norbert Chenga kilikuwako tangu mwaka 1980. Na mwaka 1992, mwaka ule ule nchi iliporudi katika vyama vingi, ikatokea TOT chini ya John Komba, kwa upande wa CCM. Mashindano yao yalijaza kumbi. Wale waliokwenda kuwaona watakumbuka jinsi upande mmoja ulivyotunga taarabu ya kuuchoma upande wa pili, na jinsi mwimbaji aliyesifiwa huku alivyosikiwa kesho yuko kule. Bibi Khadija Kopa, aliyetoka Zanzibar na sauti ambayo hatuna haja ya kuieleza, aliwahi kuimba pande zote mbili, na kila alipohama mashabiki walisema kama kwamba nchi imeuzwa.

Kwa maoni yetu hapakuwa na uhaini wowote. Ukiitazama ile picha ya Kiitalia mara ya kwanza, wamchukia Liliana aliyemwacha Checco akaenda kwa tajiri. Ukiitazama mara ya pili wauliza: Checco alikuwa na nini cha kumpa? Hakuwa na karatasi, hakuwa na mshahara, na hata hizo fedha chache alizokuwa nazo zilitoka katika mkoba wa mwanamke mwingine. Watu wa dansi wamehama vikundi, makarani wamehama idara, wala hatuwaiti waovu. Mbaraka Mwinshehe wetu wa Morogoro aliiacha Morogoro Jazz mwaka 1973 akaanzisha Super Volcano, na nyimbo zake hazikupungua utamu kwa hilo. Aliye na haki ya kulaumu mchezaji akiondoka ni yule tu aliyekuwa akimlipa.

Baada ya kumbi zikaja televisheni, kisha kanda, kisha santuri za video, na hapo ndipo mambo yalipobadilika sana, ijapokuwa wachezaji wenyewe walichelewa kuona. Zamani chale alichekesha mara moja, watu wakaenda zao; kesho akitaka kula achekeshe tena. Hasara yake ilikuwa ndogo kwa sababu hata mwenye ukumbi alipata usiku huo tu. Lakini kichekesho kikiisha kupigwa picha, chaweza kuuzwa mara elfu bila ya mchekeshaji kuondoka kitandani. Tuchukue mfano wa kubuni. Mchekeshaji amelipwa shilingi laki tano, akatia sahihi karatasi yenye maneno machache kwamba ameuza kazi yake yote na haki zake zote. Anafurahi, maana laki tano si haba. Mnunuzi anauza nakala mwaka wa kwanza, wa pili, wa kumi. Anaiuza kwa mwenye televisheni. Uso wa mchekeshaji wabandikwa juu ya matangazo ya bidhaa njia nzima kutoka Chalinze mpaka Dodoma. Mchekeshaji mwenyewe akipita ndani ya basi anajiona ukutani, na nauli ya basi ameikopa. Wala hakuibiwa, kwa maana sahihi ni yake.

Mfano huo ni wetu, lakini jambo lenyewe si la kubuni. Amri Athumani wa Tanga, tuliyemwita King Majuto, aliyechekesha tangu udogo wake jukwaani mpaka uzee wake katika video, aliugua kwa muda mrefu akafariki Muhimbili tarehe 8 Agosti 2018. Mwaka huo huo, yeye akiwa angali hai, mikataba yake ya sinema na matangazo ilizungumzwa hadharani katika nchi nzima, hata Waziri wa Habari na Sanaa wa wakati huo, Dakta Harrison Mwakyembe, akaunda kamati ya kuipitia mikataba ya wasanii, ya King Majuto ikiwa miongoni mwa ya kwanza. Sheria ilikuwako. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ni ya mwaka 1999, na COSOTA iliwekwa kwa sheria hiyo. Kilichokosekana ni mtu wa kuketi na mchekeshaji kabla hajashika kalamu, amsomee kila mstari, amwulize: haki hii waiuza kwa miaka mingapi? Kwa nchi gani? Wakitaka uso wako katika tangazo, je, watakulipa tena? Na nakala zinazouzwa nani anazihesabu?

Mwenzetu mmoja alipousikia muhtasari wa hotuba hii alisema kwamba wasanii wenyewe ni watu wa anasa, hupata wakatapanya, na hakuna mkataba uwezao kumponya mtu na mkono wake. Maneno haya yana ukweli ndani yake. Checco ni mlaghai. Alimwacha mwanamke mwema, akala fedha zake, akarudi kwake bila ya haya. Picha ile haikumtakasa, na ndiyo sababu twaiamini. Walakini tumewajua makarani walevi ambao kiinua mgongo chao kililipwa kamili mpaka senti ya mwisho, na hapana mhasibu aliyezuia hundi kwa sababu mwenyewe apenda bia. Ujira wa kazi haungojei tabia njema. Ukingojea, wengi humu ndani wangekwenda nyumbani mikono mitupu, na tusiulizane majina.

Bwana Mwenyekiti, jambo tulilotaka Kamati ilipeleke mbele ni dogo, na gharama yake ni wino na saa moja ya Jumamosi. Gairo imekuwa wilaya tangu mwaka 2012. Ofisi ni nyingi, na katika chumba hiki peke yake wamo makarani wa mahakama, wa ardhi, wa hesabu, na walimu, watu ambao kazi yao ya kila siku ni kusoma karatasi zilizoandikwa ili zisifahamike. Wako vijana wetu hapa mjini na katika vijiji vya mlimani wajipigao picha za vichekesho kwa simu zao, na wengine wao huletewa karatasi na wanunuzi watokao Morogoro na Dar es Salaam. Wanazitia sahihi juu ya viti vya bodaboda. Twaomba wanachama watatu au wanne wajitoe kuwasomea karatasi hizo bila ya malipo, na pale palipo na maneno ya sheria yanayotuzidi, wawaelekeze COSOTA au kwa wakili. Twaomba pia kwamba ukumbi ukikodishwa kwa kundi lolote la wachezaji wapitao, mapatano yaandikwe nakala mbili, moja ibaki kwa mkubwa wa kundi na moja kwa mwenye ukumbi, na humo itajwe fungu la kiingilio litakalokwenda kwa wachezaji wenyewe, lihesabiwe mlangoni usiku ule ule kabla ya lori kuondoka.

Karatasi ya majina iko mezani kwa Katibu, karibu na birika la chai. Mpaka tulipoingia humu ilikuwa na jina moja.